Saa Inabaki na Maji

Haika mwanangu,

Barua hii nitakupa mkononi kesho stendi, basi likiwa limeshawasha injini. Usiisukumie kwenye begi ukasema utaisoma ukifika Dar. Ianze tukishaachana tu, na uimalize kabla ya Himo. Una nusu saa, inatosha, na mwandiko wangu unaujua. Sababu ya haraka hii utaikuta mbele.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji huko Lindi, ya kutofungua mlango kwa mtu usiyemjua na ya kutoacha misa, mama yako ameshayamaliza. Nimemsikia tangu juzi akiyarudia huku anafunga mizigo, na mwenye kufunga mizigo ndiye mwenye haki ya kuagiza. Mimi ni fundi saa, nitakuandikia habari za saa. Sasa unaweza kucheka. Mbele sidhani.

Hivi sasa ni saa kumi na robo alasiri. Wewe umekwenda Majengo kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa kibarazani hapa kwetu Shirimatunda, viatu bado vina tope jekundu. Asubuhi nilikuambia nakwenda kumwona mteja. Sikwenda kwa mteja. Nilikwenda Mwika kwa baba yako mdogo Evarist, na nilichokwenda kukifanya huko ndicho ninachotaka ukijue kutoka kwangu mwenyewe kabla hujakisikia kwa mtu mwingine. Mama yako nilimwambia jana. Alichukua ungo akaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Nianzie Jumamosi iliyopita, maana ndipo nilipokwama.

Nilitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya chakula nikakupangia saa saba. Nilikuambia uchague moja ya kwenda nayo kazini, kwa sababu muuguzi anatakiwa ahesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa bila kutoa simu mfukoni. Zote zilikuwa na mshale wa sekunde. Katikati niliiweka ile kubwa yenye uso wa kijani, na sikuiweka pale kwa bahati. Nilitaka uichukue. Ungeichukua, ingekuwa zawadi ya baba kwa binti yake, na habari zake za nyuma zingeishia hapo. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya kukupa nayo.

Ukazijaribu moja moja. Kila ukiivaa saa ulikuwa unaipa meza mgongo, unageukia dirishani, unatulia kidogo, ndipo unatupa jicho mkononi. Ya sita ukasema, "Hii, baba."

"Kwa nini hiyo?"

"Sijui. Imekaa. Nimeiangalia mara moja nikajua ni saa ngapi. Zile nyingine nimeziangalia mara mbili."

"Na ile ya kijani?"

"Ile? Ile ndiyo inayoniangalia mimi."

Nikakuuliza kama unajua watu wanavyoitafuta ile saa. Ukanijibu kwamba unajua, nimekuonyesha kwenye simu tangu uko fomu tatu, halafu ukaongeza, "Lakini baba, kwani wao ndio watakaoivaa?" Mama yako akacheka jikoni mpaka akaangusha mwiko. Mimi nikakunja kitambaa changu.

Nilinuna siku mbili, uliona. Ulidhani nimeudhika kwa sababu umekataa kitu kizuri. Hapana, ni ule mgongo wako. Katika maisha yangu nimemwona mtu mwingine mmoja tu akichagua saa kwa kuipa meza mgongo, na wewe hukuwepo, na hakuna aliyekusimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanagenzi katika duka la Mzee Jivan pale mjini. Mzee Jivan alizaliwa Moshi, baba yake alizaliwa Moshi, na Kichagga chake kilikuwa safi kuliko changu. Siku hiyo babu yako aliteremka kutoka Mwika na koti lake la kanisani kuja kununua saa ya kwanza maishani mwake. Wakati huo kila mtu alitaka saa ya rangi ya dhahabu yenye tarehe. Mwalimu mmoja aliyekuwa dukani akamshauri kwa nia njema kabisa: "Mzee, chukua hii. Ndiyo wanayovaa wenzako wote."

Babu yako akaivaa. Akaipa kabati mgongo, akatazama barabarani, akatulia, akageuza mkono. Akaivua. Akavaa nyingine, akarudia yale yale. Mimi nilikuwa nyuma ya meza natamani ardhi ipasuke, maana wateja walikuwa wanamtazama na nilijua wanajua ni baba yangu. Mwisho akachagua saa ya chuma, uso mweupe, tarakimu nene, haina tarehe wala urembo. Mwalimu akamwuliza amekosa nini kwenye ile ya dhahabu.

"Sijaikosoa," babu yako akasema. "Ila kwenye mfongo asubuhi kuna ukungu. Saa ya kuangalia mara mbili itatuletea ugomvi."

Wewe uliukuta mfongo umeshakuwa mwembamba, kwa hiyo acha nikukumbushe. Mfereji ule unaotoka juu msituni ulikuwa unanywesha vihamba zaidi ya ishirini, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu ikiisha, unaziba mlango wako kwa udongo na vipande vya mgomba, mwenzako wa chini anafungua wake. Mtu akichelewa kuziba kwa dakika kumi, kahawa ya mwenzake inakosa maji, na watu wamewahi kushikiana mapanga kwa dakika kumi. Babu yako alikuwa meku wa mfongo, yaani mzee aliyesimamia zamu hizo. Alikuwa anasimama pale kwenye mgawanyiko wa maji, anatazama mkono wake mara moja, anasema, "Basi." Na inakuwa basi. Ile saa ilichelewa dakika nne kila siku na wote walijua. Hakuna aliyejali, kwa sababu ilichelewa kwa wote sawa.

Alipofariki, wewe ulikuwa darasa la saba. Baada ya maziko ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, tena fundi saa, nikajua saa ni yangu, hilo halina mjadala. Mzee wa ukoo akaishika saa ile, akaigeuza geuza, akasema, "Saa inabaki na maji." Akampa Evarist, kwa sababu kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya baba, na yeye ndiye aliyekuwa amepewa na watu wa mfongo kazi ya kusimamia zamu.

Nilitabasamu kama walivyotabasamu wengine. Lakini iliniuma, Haika. Iliniuma vibaya. Evarist alikuwa haelewi hata mara ngapi saa hutiwa ufunguo kwa siku. Nilijiambia kwamba mimi nalilia ufundi, kumbe nilikuwa na wivu wa kawaida tu, ule wa watoto wanaogombea kukaa karibu na baba.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja Evarist akaniletea saa mezani mjini, kioo kimeingia unyevu. "Kaka, nisafishie, usiniharakishie, lakini usinicheleweshe." Nikaisafisha kwa siku moja. Sikumrudishia.

Wakati ule nilikuwa nimeshaingizwa kwenye kundi la simu la wapenzi wa saa, wengi wao watu wa Dar. Mwanzoni lilinipa raha, sikufichi. Fundi anayekaa peke yake na lenzi jichoni siku nzima, ghafla anapata watu mia wa kuongea nao habari za springi. Lakini baada ya muda niliona kwamba hatuongei habari za saa. Tulikuwa tunaongea habari za nani anayo na nani hana. Msimu ule wote walikuwa wanaililia ile ya kijani. Asubuhi ya kijani, jioni ya kijani. Watu waliokuwa hawajawahi kuishika walikuwa wanaueleza uzito wake. Na mimi, niliyefungua saa elfu na nikajua kwamba ndani zinafanana kuliko watu wanavyodhani, nikaanza kuiota.

Nikatuma picha ya saa ya babu yako. Kwa nini niliituma? Nilitaka na mimi niwe mtu mwenye kitu. Simu ikalia siku nzima. Wakasema nyuso za namna ile zimebaki chache, na bwana mmoja wao, waliyemwita Profesa, akasema yuko tayari kunipa ile ya kijani tubadilishane.

Tulikutana kwenye hoteli moja hapa mjini, tukaagiza chai. Yule bwana alitoa glavu nyeupe mfukoni, akazivaa, ndipo akaishika saa ya babu yako. Glavu, Haika, kwa saa iliyokuwa ikisuuzwa tope kwenye mfongo! Akaniambia ataiweka kwenye sanduku lenye kioo na haitavaliwa tena. Hapo nikawa sawasawa na fundi anayekaza skrubu na kuhisi uzi unataka kukatika. Mkono unajua kabla yako. Fundi mwenye akili anaacha. Mimi nilikunywa chai yangu nikampa.

Nakuambia hili kwa sababu watu watakuambia fuata moyo, kana kwamba moyo hunyamaza mpaka uitwe. Wangu haukunyamaza hata kidogo. Niliusikia vizuri, ila nilikuwa nimeshawazoea wale mia wengine.

Na kijani haikuwa bandia. Najua ungependa iwe bandia, hata mimi ningependa. Ningejiita mjinga aliyetapeliwa, watu wangenihurumia, ingekwisha. Ilikuwa halisi mpaka skrubu ya mwisho, na nzuri, na inakwenda sawa na mbingu. Niliivaa wiki tatu. Ilikuwa inavuta mkono. Nikiwa nafanya kazi naivua, nikila naivua, nikiwa peke yangu naisahau mezani. Niligundua kwamba naivaa nikiwa nakwenda mahali penye watu tu. Mwaka wa pili wale wa kundi wakahamia kwenye saa nyingine, ya bluu safari hii, na hakuna aliyenitumia salamu.

Sasa sehemu ngumu.

Krismasi ya mwaka ule niliobadilishana tulipanda Mwika wote. Unaikumbuka, mbuzi alichinjwa, nyumba imejaa. Evarist akaniuliza mbele ya watu, wala hakuwa na ubaya wowote, "Kaka, saa ya mzee bado haijapona?"

Nikasema, "Evarist, si nilikupa siku ya ubatizo?"

Sikuwa nimeuandaa uongo ule. Ulitoka wenyewe, umeshavaa nguo. Mwezi wa kumi kulikuwa na ubatizo kwa jirani, na Evarist alikuwa amekunywa mbege akalala kwenye majani. Kila mtu alilikumbuka hilo. Nikaongeza, "Nilikupa, ukaitia mfuko wa koti." Watu wakacheka. Na Evarist, badala ya kubisha, akaanza kujipapasa mifukoni, pale pale, kwenye koti ambalo halikuwa lile.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bakuli la supu. Ulimpenda babu yako kuliko mtu yeyote Mwika. Ukasema kwa sauti, "Baba mdogo, ungeinywa tu na hiyo saa." Mama yako alikufinya. Mimi nilitazama sahani yangu.

Tangu siku ile hujampa shikamoo. Ukifika Mwika unawaamkia wote, unamwamkia hata yule bibi kiziwi wa jirani, yeye unampita kama mgomba. Nimeona kila Krismasi. Yeye hakulalamika hata mara moja. Aliona ni haki yako, kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini kwamba aliipoteza.

Aliitafuta, mwanangu. Hilo ndilo linaloniamsha. Shangazi yako aliniambia wakati ule, akidhani ananichekesha: Evarist amepekua magunia ya kahawa, amefumua majani ya ng'ombe, amefukua samadi yote akaichekecha kwa mikono. Mbege akaacha kabisa. Watu wakasema Evarist amepata akili. Watu wa mfongo nao walikaa kikao wakamwondolea kazi ya zamu. Walisema mtu aliyepoteza saa atatunzaje maji. Wakampa jirani anayetumia simu. Simu ikizima chaji, wanagombana.

Nilimwandikia Profesa mara tatu nikitaka kuirudisha. Saa ilishauzwa nje ya nchi kwa mtu ambaye naye alishaiuza. Nilipopata jibu hilo ningeweza kupanda Mwika siku ile ile. Nilijiambia nitakwenda baada ya mvua. Mvua zimenyesha mara nyingi tangu hapo.

Halafu Jumamosi wewe ukaipa meza mgongo.

Kuna jambo juu ya saa uliyoichagua. Ulinitaka nikutajie jina lake, nikakuambia limefutika. Haina jina. Niliiunga mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kwa Mzee Jivan, kwa vipande vya saa tatu zilizokufa: mashine ya moja, uso wa nyingine, mishale ya ile ya tatu. Kwenye lile kundi wangeiita saa ya viraka, na kwao hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Niliiweka mezani ili zitimie saba tu. Mzee Jivan alipoiona inatembea kwa mara ya kwanza aliiweka sikioni, akasema, "Mbaya. Lakini inataka kwenda." Ilikuwa na kasoro ya kuwahi na nimeishusha mwendo jana. Itie ufunguo kila asubuhi kabla ya uji, usiukaze mpaka mwisho.

Huko uendako utakuta watu wanasifia mambo. Hospitali fulani ndiyo ya kufanyia kazi, mtaa fulani ndio wa kupanga, kijana fulani ndiye wa kuolewa naye. Si lazima wawe waongo. Ile ya kijani waliisifia na ilikuwa nzuri kweli. Sina la kukufundisha katika kuchagua, unajua kunishinda, umeonyesha. Siku ukituletea mchumba nitakuuliza tu ulimwangalia mara moja au mara mbili, na mama yako atanitoa nje.

Sasa habari ya leo.

Asubuhi nilikata jani la isale kwenye uzio wetu hapa getini, nikalifunga fundo. Kupeleka isale Mwika ni sawa na kupeleka ndizi Mwika, kila mpaka wa kihamba umepandwa hilo, lakini nilitaka litoke kwangu. Unaijua maana yake: aliyekosewa akiletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Kwa desturi hupelekwa na mtu wa kati. Mimi sikuwa na mtu wa kati ambaye ningethubutu kumweleza.

Nilimkuta Evarist anapogoa kahawa. Aliponiona siku ya kazi, panga likashuka.

"Kaka, karibu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Nikampa jani kwa mikono miwili.

Akalitazama. "La nini hili?"

"La saa ya baba. Sikukupa siku ya ubatizo, Evarist. Sikuwahi kukurudishia. Nilibadilishana na mtu, nikapewa hii." Nikaiweka ile ya kijani juu ya gogo.

Hakuitazama. Aliligeuza jani mkononi. Halafu akasema, "Kwa hiyo sikuipoteza."

"Hukuipoteza."

"Sikuipoteza kabisa."

"Kabisa."

Akakaa chini, pale pale kwenye majani ya kahawa. "Wiki iliyopita tu nimechimba kule nyuma ya zizi," akasema. "Niliota iko pale." Akalia. Mimi sikulia, sikuona kama nina haki hiyo. Nilisimama tu, na niliona haya kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi.

Baadaye akaichukua ile ya kijani, akaipima kiganjani. "Nzito. Unalimaje nayo?"

"Siivai."

Akanirudishia. Alisema nisimletee saa nyingine yoyote, na nisilete ya kufidia. "Isale nimelipokea, siwezi kulikataa. Lakini mimi nilisemwa mbele ya watu. Jumapili baada ya misa watu wa mfongo wanakaa. Utakuja useme mbele yao kwa mdomo wako, umevaa hiyo saa, waione."

Nikasema nitakuja. Kwa hiyo Jumapili, wewe ukiwa unatandika kitanda chako kipya, mimi nitakuwa nimesimama mbele ya wazee wa Mwika, nina kijani mkononi. Naogopa. Nakuambia ili ujue kwamba baba yako mtu mzima anaweza kuogopa kikao cha mfereji.

Nilipokuwa naondoka akanisindikiza mpaka barabarani. Kwenye kona akauliza, "Na yule mtoto, Haika, anajua?"

"Bado. Nitamwandikia leo."

"Si anasafiri kesho?"

"Kesho alfajiri."

Akakwangua tope kwenye panga kwa kidole. "Basi lao linapita Himo saa ngapi?"

Hiyo ndiyo sababu ya haraka, mwanangu. Atakuwa pale stendi ya Himo, upande wa kushoto, na mfuko wa ndizi mbivu ambao mama yako angekuwepo angesema huwezi kuubeba. Ubebe. Hatapanda basini wala kukutafuta dirishani, namjua, hataki kukulazimisha. Shuka wewe. Usianze kumwomba radhi kwa maneno mengi, kosa si lako, ni langu; uliuamini uongo kwa sababu niliusema mimi. Mpe tu kile ulichomnyima.

Ukiona kituo cha mafuta cha Himo, tazama mkono wako. Itakuwa kama saa kumi na mbili na nusu. Basi halisimami pale zaidi ya dakika tano. Shikamoo haichukui hata moja.

Baba yako,
Aloyce